Wembe wa Sisi Tisini

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe.
Hawakusema wembe wa sisi ngapi.

Nilimkamata Somoe wiki ya mitihani
juu ya Boksa ya mjomba wake, nyuma ya ghala la chumvi,
ncha za vidole zikitafuta ardhi
kama mtu anayepima kina cha kisima kwa mguu.
Miaka kumi na miwili.
Kilo thelathini na moja: nilimpandisha kwenye mizani ya viroba
jioni ileile, nikajua nitaulizwa dukani.

Kwa Ng'itu, kona ya kwenda stendi, zilikuwepo tatu,
zimeshuka kwenye kontena pamoja na magodoro ya watu wa mbali.
Vijipikipiki vya matairi manne,
vimechuchumaa kama vyura baada ya mvua.

Hii nyekundu, akasema, sisi mia na kumi,
atakua nayo.
Nikamwambia, sare ya shule ndiyo hununuliwa kubwa.
Breki haimngoji mtu akue.

Ya bluu, sisi hamsini. Somoe akakaa,
magoti yakamgonga kidevu,
akanitazama kwa jicho la mtu aliyevishwa nepi.

Ya tatu nyeupe, ubavuni stika ya dubu aliyebanduka sikio.
Nyayo zote mbili zilitua.
Viwiko vilikunjika kidogo, kama vinavyotakiwa.
Kwenye vishikio kulikuwa na waya.
Za nini?
Za kupasha mikono joto, mama. Hii ilikuwa ya theluji.

Tukacheka. Hata fundi Mchopa, chini ya jenereta la mtu, alicheka.
Kupasha mikono joto!
Lindi hii, mwezi wa kumi na mbili,
tunakopuliza maji ya kunywa.

Kisha nikauliza, theluji ikoje chini ya tairi?
Ng'itu akatazama bei.
Mchopa, aliyepika melini miaka minne, ndiye aliyejibu:
juu gamba kama mkate wa juzi, chini uji.
Ukikaza moto, tairi linajichimbia kaburi.
Unakwenda polepole, husimami, hukati kona kwa hasira.

Nikanyamaza.
Alikuwa amenisimulia majaruba yangu:
gamba jeupe, tope jeusi chini yake,
na punda wa Mzee Namkuna aliyezama mpaka tumboni
tukamtoa kwa mbao nne na matusi.

Basi nikainama. Nikahesabu meno ya matairi.
Nikapekecha ile skrubu inayozuia kishikio cha moto kisivutwe mpaka mwisho.
Na nyuma, kamba nyekundu, urefu wa kanga mbili:
ukiivuta, injini inakufa.
Mzazi anatembea nayo, akasema Ng'itu.
Nikaivuta mara tatu. Ilikufa mara tatu.
Laki tisa, tukaishia saba na nusu, na helmeti juu.

Jumamosi, saa saba mchana, jaruba lililokauka.
Weupe mpaka macho yanauma.
Somoe mbele, helmeti ikimcheza kichwani kama sufuria,
mimi nyuma na kandambili, kamba mkononi,
mjomba wake ukingoni akiuliza mbuzi huyu anauzwa wapi.

Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Gamba likilia chini yake, krr, krr.
Wa tatu, kimya.

Mama, umenivuta.

Sikuvuta.
Nikatazama mkono wangu: kamba imeviringwa mara mbili
kwenye kiganja, na sikumbuki nilipoizungusha.

Nikafungua mzunguko mmoja.
Akabonyeza. Ikawaka.

Mchopa anataka kuja kuzikata zile waya za joto,
anasema zinakula betri bure.
Nimemwambia asubiri kwanza.
Siku ile, kwenye jua lile,
vidole vyangu vilikuwa vya baridi.